Fundi Atakayefungua Baadaye

Kuna swali ambalo wanafalsafa hawaliulizi, labda kwa sababu mikono yao haina grisi: je, ni kosa kuchomelea mkono wa pedeli kwenye ekseli ya baiskeli?

Najua linasikika kama mzaha. Nipe muda kidogo.

Baiskeli ninayozungumzia ni Black Mamba. Ile nyeusi, nzito, yenye karia ya chuma nyuma na breki za fito badala ya waya. Babu yako alikuwa nayo, au alitamani kuwa nayo. Iliyoheshimika zaidi ilikuwa Raleigh, kutoka Nottingham kule Uingereza. Kisha kuna Hero za Ludhiana, India, na Phoenix za Shanghai, na ukiziona kwa mbali zote ni ndugu wa tumbo moja. Ni baiskeli kama hizi zilizobeba watu na mizigo pale mpakani Busia miaka ya 1960 hadi jina boda boda likazaliwa, kabla pikipiki hazijaja kulirithi bila hata kusema asante. Siku hizi mjini zimegawanyika mafungu mawili. Kuna zinazofanya kazi: za mayai, za mkate, za mnoa visu. Halafu kuna zilizostaafu vizuri, zimepakwa rangi upya, zinatolewa Jumapili asubuhi na watu wenye ndevu zilizochongwa, ama zimetundikwa kwa ukuta wa mkahawa juu ya mtu anayekunywa kahawa ya bei ya trei ya mayai. Hao nitawarudia.

Sasa inama uangalie pale chini, pedeli zinapokutana na fremu. Kuna kibomba kifupi kilicholala kwa upana. Ndani yake imepita ekseli, na kila upande wa kibomba umefungwa kikombe cha chuma chenye nyuzi, na kati ya kikombe na ekseli kuna gololi, 11 kila upande, kila moja robo inchi. Hakuna kingine. Hizo gololi 22 na grisi kidogo ndizo zinabeba kila kitu ambacho mguu wako unasema. Kikombe cha kushoto hufunguka kama nati ya kawaida. Cha kulia hufunguka kinyume, kwa hivyo mtu asiyejua hukaza pale anapodhani anafungua, hutukana, huongeza bomba kwa spana apate nguvu, hukaza zaidi. Ukitaka kujua fundi ni fundi au ni mtu tu aliye na spana, mpe kikombe cha kulia.

Mikono ya pedeli nayo inashikwa na kitu kidogo sana kinachoitwa kota pini. Ni kipini cha duara, kirefu kama kidole gumba, ambacho ubavu mmoja umekatwa bapa kwa mshazari. Ekseli ina bapa lake pia. Unapitisha pini kwenye tundu la mkono wa pedeli, bapa linakutana na bapa, unagonga kwa nyundo, na pini inajikaza kama kabari. Nati iliyo mwishoni haikazi chochote, kazi yake ni kuzuia pini isirudi nyuma. Watu wengi hawajui hili. Wanaikaza nati hadi inakatika, na mkono bado unacheza.

Na pini ni laini kuliko ekseli. Hilo ni la makusudi. Aliyeitengeneza alijua kwamba mahali fulani lazima chuma kiumie, akaamua kiumie kile cha bei ya chai na mandazi. Pini ikilegea utasikia *tok*, kila mzunguko, *tok*, hasa ukipanda mlima. Ukiisikia siku hiyo hiyo ukatafuta fundi, umepoteza pini. Ukiivumilia miezi mitatu kwa sababu kuna karo na kuna kodi, pini inalila bapa la ekseli, tundu la mkono linakuwa yai, na hapo pini mpya ukiiweka inakaa wiki moja.

Hapa ndipo mtu wa kuchomelea anaingia.

Fundi ninayemtembelea ana kibanda chini ya mti, karibu na steji, na jirani yake ni welda wa milango na grili. Nimekaa pale mchana mzima zaidi ya mara moja, kwa sababu kazi ya kuandika inakuacha na michana mingi. Nimeona hesabu hii ikifanywa mara nyingi. Mtu wa mayai anakuja akisukuma baiskeli. Fundi anashika mkono wa pedeli, anautikisa, anamwonyesha: boss, ekseli imeisha. Ekseli mpya, pini mbili, mkono wa kushoto, kazi. Anataja bei. Mtu wa mayai anaangalia chini. Halafu wote wawili wanageuka, bila mtu kusema kitu, wanamwangalia welda.

Dakika tano. Cheche, moshi, grisi inanuka ikiungua. Mkono na ekseli vinakuwa kitu kimoja. Hakuna *tok*. Mtu wa mayai anapanda na anaenda zake, na jioni hiyo watoto wake wanakula.

Kwa hivyo nauliza tena: nani amekosewa?

Si mtu wa mayai. Yeye amekubali, ameelewa, amelipa kidogo. Si welda. Si fundi, ambaye kwa kweli amepoteza pesa ya ekseli. Ukiwapanga wote waliokuwa pale chini ya mti na kumwuliza kila mmoja kama ana malalamiko, hutampata hata mmoja. Vitabu vingi vya maadili vingefungwa hapo. Watu wazima wamepatana, hakuna aliyedanganywa, nendeni nyumbani.

Lakini kuna mtu ambaye hakuwa pale. Siku moja ile ekseli itahitaji kufunguliwa. Joto la welda limeunguza grisi, na limelainisha chuma pale karibu na njia ya gololi, kwa hivyo siku hiyo itakuja mapema. Baiskeli itakuwa kwa kibanda kingine, pengine mji mwingine, mikononi mwa fundi ambaye leo ni mtoto wa darasa la nne. Ataleta nyundo, ataona ile chuma iliyoyeyuka, na ataelewa kwamba mtu aliyemtangulia aliamua mambo kwa niaba yake. Kitu kilichoundwa kifunguke kimefungwa milele, na yeye hakuulizwa.

Je, unaweza kumkosea mtu wa namna hiyo? Mtu asiye na jina, ambaye huenda hata asitokee?

John Mbiti, mwana wa Kitui, aliandika kitabu mwaka 1969, *African Religions and Philosophy*, na ndani yake kuna dai ambalo limewakera watu hadi leo. Alisema kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika wakati una pande mbili tu zenye uzito, na akazipa majina ya Kiswahili, Sasa na Zamani. Wakati ujao, kwa maoni yake, karibu haupo, kwa sababu kitu ambacho hakijatokea si wakati bado. Alipima vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu akaona nyakati zijazo zinafika kama miezi sita, na ukizivuta sana, miaka miwili. Mghana Kwame Gyekye alimpinga mwaka 1987, akaonyesha kwamba lugha yake ya Kiakan ina maneno ya wakati ujao wa mbali kabisa. Ugomvi wa maprofesa siwezi kuuamua. Mimi hata digrii niliiachia njiani.

Ninachoweza kusema ni kwamba Mbiti angeleta kiti chini ya ule mti angepata mambo ya kuandika. Mtu wa mayai anaishi kabisa ndani ya ile miezi sita. Si kwa sababu ya Kikamba wala Kikikuyu. Ni kwa sababu ya bei. Kesho yake inaishia pale pesa yake inapoishia, na ukimpa pesa ya ekseli mpya utashangaa jinsi anavyoanza ghafla kuongea kuhusu mwaka kesho. Nafikiri hapa ndipo mjadala mzima wa "Mwafrika na wakati" ulipotea njia. Tulienda kutafuta kesho kwa sarufi, kumbe ingetafutwa kwa mfuko.

Fundi naye anaishi kwa wakati mwingine kabisa. Nilimwona siku moja akifungua Raleigh ya mzee fulani, baiskeli iliyokaa stoo miaka sijui mingapi. Alianza na kota pini. Aliilegeza nati kidogo tu, akaiacha kwenye nyuzi zizikinge. Akasimamisha kipande cha bomba kutoka sakafuni hadi chini ya mkono wa pedeli, ili pigo la nyundo lipite kwenye bomba liishie ardhini lisiende kupiga gololi na kuchimba vishimo kwenye vikombe. Halafu pigo moja. Si kugongagonga. Ukigongagonga, pini inapasuka kichwa kama uyoga na hapo utaitoa kwa drili. Pigo moja, pini ikaruka.

Akaiokota, akaigeuzageuza kwa mwanga. Bapa lake lilikuwa limepigwa tupa kwa mkono, mistari yote imelala upande mmoja, sawasawa, na ya upande wa pili vivyo hivyo, pacha wake. Ndani ya vikombe grisi ilikuwa imekauka kama nta lakini ilikuwepo, nyingi, na gololi alizihesabu kwa mdomo: 11, na 11. Fundi alinyamaza kidogo.

"Huyu alikuwa mtu," akasema.

Hakumjua. Labda amekufa. Lakini alimtambua kwa mkono wake, na yule wa zamani alikuwa amemfanyia kazi yeye, moja kwa moja, kana kwamba waliagana. Hapo ndipo nilianza kuona kwamba swali langu nilikuwa nimelikalia upande usio wake. Nilikuwa nauliza jinsi unavyoweza kuwa na deni kwa mtu ambaye hayupo. Fundi analo deni tayari, kwa mtu ambaye hayupo pia, upande wa nyuma. Alipewa kazi safi na mtu asiyeweza kulipwa. Kuna mahali pamoja tu pa kulipeleka deni kama hilo.

Huko Italia, Cesare Brandi, mtu aliyetumia maisha yake kufikiria jinsi ya kutengeneza michoro na sanamu kuukuu, aliandika mwaka 1963 kwamba kazi ya ukarabati isizuie kazi nyingine ya baadaye, bali iirahisishe. Unaweka gundi ambayo mwingine ataweza kuitoa. Unajaza ufa kwa namna ambayo ajaye ataona wapi ni mchoraji na wapi ni wewe. Ni kanuni nzuri na mafundi wa makumbusho wanaiheshimu. Lakini mchoro wa makumbusho haubebi mayai. Hakuna mtu anayelala njaa ikiwa sanamu itakaa miezi minane mezani ikisubiri gundi inayofaa. Ukimletea mtu wa mayai kanuni ya Brandi, ujue umemletea pia bili.

Ndiyo maana wale wa Jumapili wananichosha. Wananunua Mamba kuukuu, wanakuta imechomelewa, wanaanza kulalamika: ona walivyoharibu kitu cha thamani, hawa watu hawajui kutunza. Buda, hawa watu ndio walioitunza. Hiyo baiskeli isingechomelewa ingeuzwa kwa kilo kwa mtu wa vyuma chakavu na wewe usingekuwa na cha kupaka rangi. Kovu unalolichukia ndilo sababu mchuma umekufikia. Sisemi kovu ni zuri. Nasema malalamiko hayo si yao. Wao wana pesa ya ekseli.

Na kama tunatafuta wa kulaumiwa kwa kuwafungia wengine mlango, tusianze na welda. Tuanze juu. Viwanda vingi vya Uingereza vilikubaliana kwamba nyuzi za vile vikombe ziwe 24 kwa kila inchi. Raleigh ikakata zake 26. Tofauti ndogo, haionekani kwa macho, lakini kikombe cha kampuni nyingine hakiingii. Kikombe chako kikiisha unarudi kwa Raleigh. Kiwanda cha Nottingham kiliacha kuunda fremu kwa wingi mwaka 1999, na sehemu ya kiwanja chake leo ni kampasi ya chuo kikuu. Kwa hivyo mtu mwenye Raleigh nzuri, fremu haina kutu, anazunguka mjini akitafuta kikombe cha nyuzi 26, na akikikosa anaishia wapi? Kwa welda. Uamuzi uliofanywa ofisini, na mtu mwenye suti na mshahara, miaka mingi kabla sijazaliwa, ulikuwa umeshamchomelea. Moshi ndio umetoka leo.

Simu uliyoshika sasa hivi ni hivyo hivyo. Betri imegundishwa ndani. Hakuna aliyekosa pesa pale, hakuna mtoto aliyekuwa anasubiri unga. Walikaa, wakachora, wakachagua gundi. Mimi naona kuna umbali mkubwa sana kati ya mtu anayefunga mlango kwa sababu hana pesa ya bawaba na mtu anayeufunga ili uje kumlipa akufungulie, hata kama kwa yule anayebaki nje mlango umefungwa tu.

Sasa, welda na fundi wangu hawajatoka salama kabisa. Kuna kitu kimoja ambacho naona ni kosa bila ya kutafuta maneno. Ni kuchomelea, kupiga msasa, kupaka rangi nyeusi, na kuuza baiskeli kama iko sawa. Nimeona moja kama hiyo. Mnunuzi alikuwa kijana wa kuleta mkate, amekopa kwa chama, na alifurahia jinsi mkono ulivyokuwa haucheezi hata kidogo. Ulikuwa hauwezi kucheza. Pande zote mbili zilikuwa chuma kimoja chini ya rangi. Wiki kadhaa baadaye gololi zikaanza kusaga, na hakukuwa na njia ya kuzifikia ila msumeno. Hapo sihitaji Mbiti wala Brandi. Kovu lililo wazi linamwambia ajaye kilichotokea, anapanga bei yake akijua. Rangi imemnyang'anya hata hilo.

Kati ya hiyo rangi na ile tupa ya fundi wa zamani kuna eneo pana, na watu wengi wa kweli wanaishi humo. Kuna kipande cha bati kinachokatwa chembamba na kuingizwa kando ya pini ili ishike mwezi mwingine. Vitabu vya baiskeli havikipendi, lakini kinatoka kwa kidole. Kuna pini nene inayopigwa tupa ili ifuate bapa lililochakaa. Na kuna jambo ambalo nilichelewa kuligundua, kwa sababu fundi hakuwahi kulisema, alikuwa tu akilifanya.

Ni kwamba hakubali kuchomelea pande zote mbili.

Mara ya kwanza nilidhani ni gesi au fimbo za welda zimeisha. Mtu wa mayai alikuwa ameomba kabisa: fundi, si ufunge zote mbili tumalizane, hata huu wa kulia unaanza. Fundi akakataa. Welda akamwambia ni dakika mbili tu, sitoi pesa zaidi. Akakataa. Akachukua pini mpya, akaipiga tupa, akaijaribu, akaipiga tupa tena, akaigonga mahali pake upande wa kulia, akafunga nati kwa vidole halafu robo mzunguko kwa spana. Pini hiyo hakulipwa.

Nilimwuliza, mzee, kwa nini unajipa hasara, na huyo jamaa mwenyewe ameomba?

Alichukua ekseli kuukuu kutoka kwa debe, akaingiza mkono mmoja wa pedeli, akanionyesha. Ukichomelea kushoto, bado unaweza kutoa mkono wa kulia, ufungue kikombe cha kushoto kwa patasi na nyundo polepole, halafu uvute kila kitu kitoke pamoja, ekseli na mkono na kikombe, kama mzizi. Inasumbua, mikono inakatika, lakini gololi unazifikia. Ukifunga zote mbili, basi.

"Na nani atakuja kuifungua?" nikauliza. "Wewe?"

"Mimi macho yameanza kukataa," akasema. "Sijui ni nani."

Mtu wa mayai alikuwa amepanda tayari, anajaribu pedeli akiwa amesimama, mkono mmoja umeshika karia. Akauliza kama itadumu.

"Kushoto itadumu," fundi akasema. "Kulia rudi baada ya siku mbili niigonge tena, pini mpya hulegea kidogo. Usipite siku mbili. Umesikia?"

"Nimesikia, fundi."

"Umesikia ama unasema umesikia?"